Mifereji Midogo ya Ubongo na Ugonjwa wa Kutetemeka

Makala haya yanahusu maji. Si yale maji ya mitungi ambayo sisi watu wa Kitengela tumezoea kuyasubiri, la. Ni maji yaliyo ndani ya kichwa cha kila mmoja wetu, mifereji midogo ajabu yanamopitia, na uhusiano wa mifereji hiyo na ugonjwa uitwao Parkinson. Najua wapo watakaosema kuwa mada hii ni ya Baiolojia, imepotea njia tu ikaingia katika jarida la Kiswahili. Nawajibu hivi: ugonjwa huu unawapata wazee wetu, nao huzungumza Kiswahili, Kimaasai, Kikamba na Kikuyu. Ikiwa sisi hatuna maneno ya kuueleza, basi wengine watauelezea kwa maneno yao, na maneno hayo aghalabu huwa "ulevi", "laana" au "amerogwa".

Nasema hivyo kwa sababu nimeyasikia. Babu yangu mzaa mama anaishi upande wa Ilbissil, kusini ya mji wa Kajiado. Alianza kwa kutetemeka kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, kama mtu anayevingirisha punje ya mahindi katikati yake. Baadaye hatua zake zikawa fupi fupi. Akawa akifika mlangoni miguu inagoma kabisa, kana kwamba imetiwa gundi. Uso wake, uliokuwa mwingi wa mzaha, ukawa haubadiliki hata akifurahi. Watu wakasema mzee ameanza kunywa uzeeni, naye hajaonja pombe maishani mwake. Wengine wakasema ni laana ya ng'ombe fulani wa zamani, kisa ambacho siwezi kukimaliza hapa. Mjomba wangu akashauri fahali auzwe ili pesa zipelekwe kwa mganga. Katika zahanati ya kwanza alikopelekwa alipewa dawa za maumivu ya viungo, akaambiwa huo ni uzee tu. Ilichukua takriban miaka mitatu kabla ya daktari mmoja jijini Nairobi kumwambia atembee kutoka mlangoni hadi dirishani, agonganishe vidole, kisha aandike jina lake mara tano. Jina la kwanza lilisomeka. La tano lilikuwa dogo kama safu ya sisimizi. Daktari akasema: ni Parkinson.

Jina hilo ni la mtu. James Parkinson alikuwa daktari wa London, na mwaka 1817 alichapisha kijitabu kuhusu ugonjwa aliouita kupooza kwa kutetemeka. Alieleza wagonjwa sita tu, na baadhi yao hawakuwahi kuwa wagonjwa wake. Aliwaona barabarani wakipita, akawatazama kwa makini. Hebu fikiria, ugonjwa mzima ukatambuliwa kwa mtu kutumia macho yake vizuri! Leo madaktari hutafuta dalili kuu nne: kutetemeka kwa kiungo kilichotulia, kukakamaa kwa misuli, mwendo wa polepole, na baadaye kukosa usawa wakati wa kusimama na kutembea. Angalia vizuri hilo neno "kilichotulia". Mkono wa babu hutetemeka ukiwa umelala juu ya paja, na hupungua anapounyoosha kuchukua bakora. Mkono wa mtu aliyezoea pombe, akiikosa, hutetemeka zaidi anapounyoosha. Kwa hivyo wale waliomwita mlevi wangeweza kuiona tofauti wao wenyewe, bila mashine yoyote, laiti wangetazama kama daktari Parkinson.

Kuna pia dalili zinazotangulia kwa miaka mingi ambazo hakuna anayezihesabu kuwa ugonjwa: pua kupoteza uwezo wa kunusa, choo kigumu, na mtu kupiga mateke na kelele usingizini anapoota. Nyanya alipoulizwa habari hizo alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Alisema mzee alikuwa akifukuza fisi ndotoni muda mrefu kabla ya kidole kuanza kutetemeka, hata yeye akahamia kitanda kingine.

Ugonjwa huu hauchagui mnyonge wala shujaa. Bingwa wa ndondi Muhammad Ali aligunduliwa kuwa nao mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 42, na mwaka 1996 dunia nzima iliuona mkono wake ukitetemeka alipowasha moto wa Olimpiki mjini Atlanta. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyezuru Kenya mara tatu, mwaka 1980, 1985 na 1995, aliishi nao hadi alipofariki mwaka 2005. Sijasikia mtu akisema kwamba Papa alirogwa.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Katika shina la ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo huwezesha ubongo kuanzisha mwendo na kuufanya uwe laini. Seli hizo zikifa, dopamini hupungua. Jambo la kusikitisha ni kwamba kufikia siku kidole kinapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo, pengine nusu au zaidi, huwa imekwisha kupotea. Ubongo huwa umevumilia kimya kimya kwa miaka.

Zinakufa kwa nini? Mnamo mwaka 1912 Mjerumani Friedrich Lewy aliona vijidonge vya ajabu ndani ya seli za ubongo wa watu waliokufa wakiwa na ugonjwa huu. Ilipofika mwaka 1997 ndipo ilipojulikana kwamba vijidonge hivyo vimejaa protini iitwayo alfa-sinukleini. Protini hii si sumu. Mimi ninayo, na wewe unayo, nayo hufanya kazi katika ncha za seli za neva. Shida huanza inapokunjika vibaya ikaanza kushikana na nyingine. Aliyewahi kupika uji akaacha kukoroga anajua: unga ni ule ule, maji ni yale yale, lakini donge moja likishashikana huvuta unga mwingine, na huwezi tena kulirudisha. Hata zaidi, protini iliyokunjika vibaya inaweza kutoka katika seli moja ikaingia seli jirani na kuiharibu ya huko pia.

Kila nyumba hutoa taka. Swali la haki basi si kwamba taka zimetoka wapi tu, bali ni kwa nini hazikuzolewa. Na hapa ndipo maji yanapoingia.

Ubongo wetu umezungukwa na maji safi ambayo pia huteremka hadi kwenye uti wa mgongo. Kwa mtu mzima maji hayo hufikia kama mililita 150, yaani nusu tu ya chupa ya soda ya mililita 300. Lakini kwa siku moja mwili hutengeneza kama mililita 500, maanake maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kati ya asubuhi na asubuhi. Kwa muda mrefu tulifundishwa kuwa kazi yake ni kuulinda ubongo usigongwe na mfupa wa fuvu. Hiyo ni kweli, ila maji yanayobadilishwa kiasi hicho ni wazi yana kazi nyingine.

Sasa, seli imezungukwa na utando wa mafuta, na maji na mafuta hayapatani. Yapo maji yanayopenya hivi hivi, lakini kwa taabu na polepole. Ilhali chembe nyekundu za damu na seli za figo hupitisha maji kwa kasi kubwa mno. Wataalamu walibishana miaka mingi kuhusu siri hiyo. Mnamo mwaka 1992 Peter Agre na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, nchini Marekani, walifanya jaribio ambalo kwangu mimi ndilo tamu kuliko yote niliyosoma. Walichukua mayai ya chura, ambayo kwa kawaida hayapitishi maji kwa urahisi. Baadhi wakayatia maagizo ya kutengeneza protini fulani waliyoishuku. Kisha mayai yote wakayaweka katika maji matupu. Yale ya kawaida yalikaa tu. Yale yenye protini ile yalivimba, yakapasuka. Mlango wa maji ulikuwa umepatikana. Agre alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, pamoja na Roderick MacKinnon aliyechunguza milango ya chumvi.

Protini hizo huitwa akwaporini. Kila moja ina njia katikati iliyo pana huku na huku na nyembamba mno kiunoni, hivi kwamba maji hupita chembe moja nyuma ya nyingine, kama ng'ombe wanavyopita mmoja mmoja wakielekea kwenye josho. Usidhani kwamba foleni hiyo ni ya polepole. Njia moja huweza kupitisha chembe takriban bilioni tatu kwa sekunde. Na pamoja na wingi huo, umeme uliomo kiunoni huzuia haidrojeni yenye chaji isijipenyeze pamoja na maji, maana ikipita mizani ya asidi katika seli itavurugika. Hata askari wetu wa langoni hakagui hivyo.

Naomba nisimame kidogo hapa kwa ajili ya lugha. Nimeziita protini hizi "mifereji", na kuna mwanachama aliyenishauri niseme "mabomba". Tanzania, maji ya nyumbani ni ya bomba. Kwetu Kenya, mfereji ni ile njia ya maji ardhini na pia ni kile chuma tunachokifungua jikoni. Neno moja lina maana zote mbili, njia na mlango, na akwaporini ni njia tena ni mlango. Sioni Kiswahili kimepungukiwa wapi. Seli zenye matawi kama nyota zinazosaidia zile za neva nimeziita "seli nyota". Mwenye neno bora na alilete.

Binadamu ana aina 13 za akwaporini. Iliyo nyingi zaidi katika ubongo ni akwaporini namba nne, nayo hukaa katika seli nyota. Seli nyota hunyoosha miguu yake na kuizungushia mishipa ya damu, karibu kuifunika yote. Mifereji namba nne imejazana katika miguu hiyo hasa, upande unaotazama mshipa. Mahali ilipo ndipo penye siri yote.

Nitatoa mfano wa hapa kwetu. Katika miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Loitokitok, kuna chemchemi za Nolturesh, na bomba kubwa hutoa maji huko likayaleta nyanda hizi hadi mji wa Kajiado, Athi River na Machakos. Chukua boma moja lililounganishiwa maji hayo. Mfereji ukiwa uani mbele ya jiko, mama huosha vyombo, huosha sakafu, uchafu ukatoka. Sasa mtu mmoja aung'oe mfereji ule ule aufunge nyuma ya zizi, mbali na jiko. Ukihesabu mifereji, bado ni mmoja. Maji ya Nolturesh hayajapungua. Lakini jiko litanuka. Katika ubongo wa wazee wengi, na katika baadhi ya magonjwa, hilo ndilo huonekana: mifereji namba nne huiacha ile miguu iliyoshika mishipa na kutawanyika sehemu nyingine za seli nyota. Ipo, lakini haipo inapotakiwa.

Kazi ya kuosha yenyewe ilielezwa mwaka 2012 na kundi la Maiken Nedergaard na Jeffrey Iliff katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Walitia rangi inayong'aa katika maji ya ubongo wa panya, wakaona maji yakiingia ndani ya ubongo kwa kufuata kandokando ya mishipa inayoleta damu, yakipita katikati ya seli, kisha yakitoka kandokando ya mishipa inayorudisha damu, pamoja na taka. Panya waliozaliwa bila mifereji namba nne waliondoa taka kwa kiwango kilichopungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata, 2013, kundi hilo likasema kwamba panya akilala nafasi iliyo kati ya seli za ubongo hupanuka kwa takriban asilimia 60, na kuosha huongezeka. Kwa hiyo usingizi ukawa ni zamu ya usiku ya wafagiaji. (Walimu wanaotuamsha saa kumi alfajiri kwa masomo ya ziada wasinichukie, natoa habari tu.)

Lakini msomaji, usiimeze habari hiyo nzima nzima. Mwaka 2017 wataalamu wengine walirudia majaribio katika panya wasio na mifereji hiyo na hawakuona tofauti. Mwaka 2018 makundi matano yakaweka pamoja matokeo yao, yakasema tofauti ipo. Kisha mwaka 2024 watafiti wa Imperial College mjini London wakapima tena, wakasema katika panya wao rangi iliondoka polepole zaidi wakati wa usingizi kuliko wakati wa kuwa macho. Mabishano hayo hayajakwisha. Mimi naona ni mambo mazuri, ingawa yanamchosha anayetaka jibu la mtihani. Katika vitabu vyetu vya shule kila kitu huandikwa kana kwamba kilishushwa kikiwa kimekamilika. Hapa tunawaona wakubwa wakishikana mashati kwa hoja.

Je, Parkinson? Ushahidi upo wa namna tatu, na uzito wake haulingani.

Wa kwanza unatoka kwa sumu. Mwaka 1982 huko California, vijana kadhaa waliojidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa kienyeji walikakamaa ghafla kama wazee wenye Parkinson. Daktari William Langston na wenzake waligundua kuwa dawa ile ilikuwa na kemikali inayoua zile seli za dopamini. Tangu hapo kemikali hiyo hutumiwa kuwapa panya ugonjwa unaofanana na huu ili uchunguzwe. Watafiti wa Nanjing, China, walipowapa panya wasio na mifereji namba nne, panya hao waliumia na kupoteza seli nyingi kuliko wenzao wenye mifereji.

Wa pili unatoka kwa binadamu wenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Kijapani walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Parkinson. Katika tabaka za ndani za eneo lililo karibu na sikio, palipokuwa na mifereji mingi palikuwa na alfa-sinukleini kidogo, na palipokuwa na mifereji michache alfa-sinukleini ilikuwa nyingi. Hiyo inapendeza kusikia, lakini ni picha ya siku ya mwisho. Haisemi kipi kilianza. Huenda mifereji ilipungua, taka zikajaa. Huenda taka zilijaa, zikaziharibu seli nyota, mifereji ikapungua. Ukifika bomani ukakuta mfereji umevunjika na tope limejaa, huwezi kujua kwa macho kilichotangulia.

Wa tatu unajaribu kujibu hilo. Mwaka 2021 watafiti nchini China walichapisha matokeo ya panya waliopandikizwa alfa-sinukleini iliyokunjika vibaya. Wale waliopunguziwa mifereji namba nne kwanza ndio walioona madonge yakiongezeka upesi, na seli za dopamini zikifa zaidi. Hapo angalau mpangilio unajulikana, mifereji ilipunguzwa kabla. Hata hivyo panya ni panya. Kwa maoni yangu tunaweza kusema hivi bila kudanganya: mifereji mibovu huenda ikauharakisha ugonjwa huu, lakini haijathibitishwa kuwa ndiyo inayouanzisha kwa binadamu.

Habari nyingine inatoka Afrika yenyewe. Mwaka 2023 kundi kubwa la watafiti, wakiwemo Wanigeria wengi, lilitangaza tofauti katika jeni iitwayo GBA1 ambayo inaongeza uwezekano wa Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, na ambayo karibu haionekani kwa Wazungu. Jeni hiyo hutoa maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja taka ndani ya seli. Mifereji ni ya kuosha nje ya seli, kimeng'enya hiki ni cha kusafisha ndani. Kumbe tukianzia huku au kule tunakutana na taka zile zile.

Sasa nirudi kwetu, maanake mtu ataniuliza: huu si ugonjwa wa Wazungu? Tazama mlima. Loitokitok iko upande mmoja wa Kilimanjaro, na upande wa pili, nchini Tanzania, iko wilaya ya Hai. Miaka ya 2005 na 2006 madaktari na wasaidizi wao walitafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba katika eneo la wilaya hiyo lenye watu 161,071. Walipata 33 wenye Parkinson. Unaweza kusema ni wachache. Lakini zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini, na kwa hiyo hawakuwa wakipata dawa. Walikuwa wakiishi nao tu, kila mmoja na jina alilopewa na majirani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado. Ukichukua kiwango cha Hai ukakileta huku, kwa hesabu ya kijuujuu tu, utapata wagonjwa zaidi ya 200. Babu yangu ni mmoja. Wengine wako wapi? Nadhani wapo pale pale walipokuwa wale wa Hai, ndani ya nyumba, wakiitwa walevi.

Dawa ipo. Dopamini yenyewe ukiimeza haiingii katika ubongo, kuna ukuta unaoizuia. Lakini levodopa hupita ukuta huo, na ikishafika ndani hugeuzwa kuwa dopamini. Mwaka 1961 Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz waliwadunga wagonjwa wa mjini Vienna, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka wakatembea. Mwaka 1967 George Cotzias, nchini Marekani, akaonyesha kuwa dawa hiyo ikimezwa kwa kipimo kinachoongezwa polepole huleta nafuu ya kudumu. Vidonge vya leo huchanganywa na kemikali ya pili, karbidopa, inayozuia levodopa isigeuzwe njiani kabla ya kufika ubongoni.

Kwa familia zetu kuna jambo moja la kujua. Protini ya chakula hushindana na levodopa mlangoni. Mzee anayeishi kwa maziwa na nyama, akimeza kidonge pamoja na kibuyu cha maziwa, anaweza kudhani dawa haifanyi kazi. Babu aliambiwa ameze kama nusu saa kabla ya kula. Nyanya ndiye mwenye saa, na hakuna anayekaribia maziwa kabla hajasema. Jambo la pili, dawa hii haiachwi ghafla, hata mtu akijisikia mzima. Na la tatu, haiponyi. Huongeza dopamini, lakini haizoi madonge wala haitengenezi mifereji iliyohama. Hadi sasa hakuna dawa ya Parkinson iliyokubaliwa rasmi ambayo hufanya kazi kupitia mifereji namba nne. Hiyo ndiyo maana watu wanaichunguza kwa bidii: anayeweza kuirudisha mifereji mahali pake huenda akapunguza mwendo wa ugonjwa, kitu ambacho vidonge vya sasa havifanyi.

Asitokee mtu, baada ya kusoma haya, akamlazimisha mzee anywe jagi zima la maji asubuhi ati kuosha ubongo. Maji ya kunywa ni mazuri, hasa kwa mwenye choo kigumu, lakini hayafungui mifereji hiyo wala hayairudishi ilipotoka. Mazoezi ndiyo yaliyoonekana kuwasaidia wagonjwa katika kutembea na kusimama. Babu hutembea hadi kisimani na kurudi kila jioni, na miguu ikigoma mjukuu mmoja huweka fimbo chini mbele yake. Akiiruka fimbo, miguu hukubali tena. Mara ya kwanza nilipoona nilidhani ni mchezo, kumbe ni njia inayojulikana na madaktari.

Nimalizie na mmea. Wote mnaujua upupu, na kama hamuujui ngozi zenu zinaujua. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili, na nchini India zimetumiwa katika tiba za jadi tangu zamani. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 18 huko Bolivia ambapo unga wa mbegu zilizokaangwa ulifanya kazi karibu sawa na vidonge, jambo lenye maana kubwa kwa nchi ambazo vidonge ni ghali. Lakini kule kila mgonjwa alipimiwa kwa gramu chini ya macho ya daktari, ilhali mbegu za porini hazilingani kwa nguvu, na mtu akizidisha anaweza kutapika, kuona maruweruwe, au presha ikashuka akaanguka. Nilipoyasimulia haya nyumbani, mjomba yule wa fahali alitaka kumwagiza dereva wa lori alete gunia zima kutoka Pwani. Babu ndiye aliyemzuia. Alifanya kazi Kwale ujanani mwake, upupu anaujua vyema, na alimwambia mjomba kwamba mkono wake una kazi ya kutosha ya kutetemeka, asiuongezee ya kujikuna.